Kupunguza Selulaiti Mapajani na Makalioni Bila Upasuaji: Mwongozo Kamili

Selulaiti, yaani vile vishimo vinavyoonekana nyuma ya mapaja na kwenye makalio, haitokani na uchafu wala na sumu iliyokwama mwilini. Chini ya ngozi kuna vifuko vya mafuta, na katikati ya vifuko hivyo hupita nyuzi ngumu za kolajeni zinazoishikilia ngozi kwenye tabaka la chini. Kwa wanawake, nyingi kati ya nyuzi hizo husimama wima. Mafuta yanasukuma juu, uzi unavuta chini, na ngozi inabonyea pale uzi ulipo, kama kitambaa cha kochi kinavyobonyea penye kifungo. Kwa wanaume nyuzi hupishana mshazari na ngozi yao ni nene zaidi, ndiyo maana si rahisi kuwaona nayo.

Wanawake kati ya asilimia 80 na 90 wanayo baada ya kubalehe, wembamba kwa wanene. Si ugonjwa na haihitaji tiba. Asiyesumbuliwa nayo hana deni na mtu.

Kwa anayetaka ipungue, jambo la kushika ni hili: hakuna krimu, chai wala mafuta yanayokata ule uzi. Unachoweza kubadilisha ukiwa nyumbani ni vilivyo chini na juu yake, yaani misuli, kiasi cha mafuta na unene wa ngozi. Ukiambiwa dawa yoyote, jiulize inagusa kipi kati ya hivyo vitatu. Isipogusa hata kimoja, weka pesa yako mfukoni.

Kwanza jua unashughulika na nini

Simama mbele ya kioo ukiwa umelegeza miguu. Vishimo vinavyotokea tu ukibana ngozi kwa mikono au ukikaza makalio ni vya daraja la kwanza. Vinavyoonekana ukisimama lakini vikapotea ukilala ni vya daraja la pili. Visivyopotea hata ukilala ni vya daraja la tatu. Hatua za nyumbani huonekana zaidi kwenye madaraja mawili ya mwanzo, hasa ikiwa ngozi imelegea au misuli ni hafifu. Mashimo machache yenye kina kirefu, yaliyokaa mahali pamoja miaka nenda miaka rudi, ndiyo yanayobadilika kidogo kabisa, kwa sababu hapo uzi wenyewe ndio unaovuta.

Kuna hali nyingine ambazo hazifai kuchanganywa na selulaiti:

- Mguu mmoja uliovimba ghafla, wenye joto na maumivu kwenye kigimbi, unaweza kuwa na damu iliyoganda. Usiukande. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.
- Ngozi yenye joto, maumivu na uvimbe unaoenea, pamoja na homa, ni dalili ya maambukizi ya bakteria. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huenda usionekane. Eneo huwa jeusi zaidi au la zambarau, kwa hiyo pima joto lake kwa mgongo wa kiganja.
- Miguu yote miwili iliyonenepa sawasawa kutoka nyonga hadi vifundo huku nyayo zikibaki za kawaida, tena inauma ikiguswa na inavilia damu kwa urahisi, huenda ina lipidema, yaani hali ya mafuta kujazana miguuni isivyo kawaida. Hiyo haipungui sana hata mwili mwingine ukipungua. Inahitaji daktari.

Mjamzito aahirishe krimu za retinoli (aina ya vitamini A) na mashine zote mpaka baada ya kujifungua.

Picha ya kuanzia

Selulaiti hubadilika sura kwa mwanga, kwa saa na kwa siku za mwezi. Bila picha inayofanana na ya awali utadanganyika, ama kwa kudhani umepona, ama kwa kukata tamaa bure.

Weka simu kwenye kimo cha nyonga, mita moja na nusu kutoka ulipo. Mwanga utoke upande mmoja, kwa mfano dirishani asubuhi. Mwanga wa mbele hufuta vivuli na kuficha kila kitu. Piga picha mbili, moja ukiwa umelegeza misuli na nyingine umeikaza. Pima pia mzunguko wa paja kwa tepu ya fundi, sentimita 20 juu ya ukingo wa goti. Rudia kila wiki ya nne, na ikiwezekana iwe siku ileile ya mzunguko wako wa hedhi, kwa sababu siku za kukaribia hedhi mwili hushika maji. Usijipige picha kila siku. Utajitesa tu.

Misuli: hapa ndipo pa kuweka nguvu

Misuli ya makalio na ya nyuma ya paja ikijaa, ngozi iliyo juu yake hupata kitu cha kuegemea na vishimo hupungua kina. Kutembea peke yake hakutoshi kujenga misuli hiyo. Inahitaji uzito unaoongezeka. Huna haja ya kujiandikisha jimu, maana mtungi wa plastiki unatosha. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo unajua kamili unachobeba na unaweza kuongeza kilo moja moja, jambo ambalo hata vyuma vya jimu nyingi haviruhusu. Kasoro ya maji ni kwamba mtungi usiojaa huyumba. Ukikusumbua, tia mchanga mkavu: mtungi wa lita 5 uliojaa mchanga hukaribia kilo 8.

Fanya siku tatu kwa wiki, ukiacha siku moja katikati: Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kwa mfano. Anza kwa dakika tano za kupasha mwili moto. Pumzika dakika moja na nusu kati ya seti na seti.

1. *Kuchuchumaa hadi kwenye stuli.* Stuli iwe ya kimo cha goti. Panua miguu upana wa mabega, vidole vikielekea nje kidogo, na kumbatia mtungi wa lita 5 kifuani. Rudisha makalio nyuma, shuka kwa kuhesabu hadi tatu, gusa stuli bila kuketi, kisha simama. Seti 3 za mara 10. Magoti yakikaribiana unapopanda, uzito umezidi, punguza maji. Visigino vikinyanyuka, sogeza miguu mbele kidogo na usishuke kwa haraka.

2. *Kuinua nyonga ukilala chali.* Lala kwenye mkeka, magoti yamekunjwa, visigino sentimita 25 hadi 30 kutoka makalioni. Sukuma kwa visigino, inua nyonga mpaka mwili unyooke kutoka bega hadi goti, bana makalio kwa sekunde mbili, shuka polepole. Seti 3 za mara 15. Ukilisikia zoezi kiunoni, unainua kupita kiasi. Shusha mbavu na uishie chini kidogo. Ukilisikia nyuma ya paja tu, visigino viko mbali, vivute karibu. Likiwa rahisi, weka mtungi juu ya nyonga ukitanguliza leso iliyokunjwa, au tumia mguu mmoja.

3. *Kuinama na uzito.* Shika mtungi kwa mikono miwili mbele ya mapaja. Legeza magoti kidogo tu, sukuma makalio nyuma kana kwamba unafunga mlango nayo, uache mtungi uteremke ukigusa miguu hadi chini kidogo ya magoti. Mgongo ubaki umenyooka. Seti 3 za mara 10. Kosa la kawaida ni kuligeuza zoezi hili kuwa la kuokota kitu chini: mgongo unapinda, mtungi unakwenda mbali na miguu, na kesho yake kiuno kinauma.

4. *Kupanda kibenchi.* Kimo cha sentimita 30 hadi 40, kiwe imara na kisichoteleza. Weka unyayo wote juu, egemea mbele kidogo na panda kwa nguvu ya mguu wa juu peke yake. Seti 3 za mara 8 kila mguu. Wengi hujirusha kwa mguu wa chini bila kujua, kisha hushangaa mbona makalio hayachoki.

Wiki mbili za kwanza ni za kujifunza mwendo. Tumia uzito mdogo au mwili mtupu. Kuanzia wiki ya tatu, kipimo ni hiki: ukimaliza seti ya mwisho na bado ungeweza kurudia zaidi ya mara tatu, ongeza lita moja au mbili siku inayofuata. Anayeanza na lita 5 mara nyingi huwa na lita 10 au zaidi kufikia wiki ya kumi na mbili. Usipoongeza, mwili hauna sababu ya kujenga chochote, na hapa ndipo wengi hukwama. Wanafanya marudio mia moja kila siku kwa uzito uleule na picha ya mwezi wa tatu haina tofauti na ya kwanza.

Siku zilizobaki, tembea dakika 30 hadi 40, na chagua mlima. Kisumu una mwinuko wa Riat na njia za Kajulu. Toka alfajiri, kwa sababu kufikia saa tatu joto la kando ya ziwa limeshakuvunja moyo. Nakuru kuna barabara ya kupanda Menengai, na hewa ya huko juu ni baridi lakini nyembamba, kwa hiyo mgeni asikimbilie kasi. Walio Vihiga na Kisii hawana haja ya kutafuta mlima.

Chakula

Mwenye uzito wa kawaida asijinyime. Akipungua zaidi ngozi italegea na vishimo vitaonekana vizuri kuliko zamani. Mwenye uzito uliozidi hufaidika kwa kupungua taratibu, karibu nusu kilo kwa wiki. Kupungua kwa kasi, zile kilo 8 za mwezi mmoja zinazosifiwa mitandaoni, huondoa misuli pamoja na mafuta na kuacha ngozi ikining'inia.

Pima protini kwanza. Unapojenga misuli, lenga gramu 1.2 hadi 1.6 kwa kila kilo ya mwili; mtu wa kilo 70 anahitaji kama gramu 85 hadi 110 kwa siku. Kwa chakula cha kwetu si kazi ngumu. Yai moja lina gramu 6. Kikombe cha maharagwe au ndengu zilizopikwa kina karibu 15. Nusu lita ya maziwa lala ina takriban 16. Konzi ya omena kavu, gramu 30 hivi, hutoa kama 15, na bei yake haitishi. Kipande cha samaki ngege (tilapia) chenye gramu 100 za nyama hutoa karibu 25.

Ugali si adui. Unaofaa kuangaliwa ni ukubwa wa bonge na mafuta ya kitoweo. Bonge la ukubwa wa ngumi yako linatosha, na nusu ya sahani iwe mboga: osuga, mrenda, sukuma. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia kina kalori 120, na samaki wa kukaangwa mzimamzima hunywa zaidi ya kimoja. Mchemshe au mpike rojo siku nyingi za wiki, mkaange siku ya wageni.

Maji kunywa kwa kiu yako, zaidi kidogo Kisumu kuliko Nakuru. Lita tano kwa siku hazioshi selulaiti, wala maji ya ndimu ya asubuhi. Chumvi nyingi hushikisha mwili maji na kuifanya ngozi ivimbe kwa siku moja mbili, hilo ni kweli, ila athari yake ni ya muda. Sigara huharibu kolajeni.

Ngozi ya juu

Kabla ya kununua chochote, acha kinachoikonda ngozi. Krimu za kujichubua na mikorogo inayochanganywa madukani mara nyingi huwa na steroidi kali kama klobetasoli au betamethasoni. Steroidi hizo hupunguza unene wa ngozi na kuleta michirizi, na ngozi nyembamba huonyesha kila shimo lililo chini yake. Mwenye kutumia mkorogo mapajani huku akitafuta dawa ya selulaiti anajenga kwa mkono mmoja na kubomoa kwa mwingine. Aliyetumia steroidi kali kwa miezi mingi kwenye eneo kubwa asiache ghafla bila kumwona daktari, kwa sababu ngozi inaweza kuwaka na mwili wenyewe unaweza kuyumba.

Krimu yenye sababu ya kujaribiwa ni ya retinoli, asilimia 0.3, kwa miezi 6 au zaidi. Huongeza unene wa ngozi kidogo kidogo. Tegemea mabadiliko ya kadiri, si ya kumshangaza jirani.

Jaribu kwanza eneo dogo nyuma ya paja na usubiri saa 48. Pasipowasha, anza usiku mbili kwa wiki kwa wiki nne, kisha usiku mmoja ndiyo mmoja hapana. Paka kwenye ngozi kavu kabisa, subiri dakika kumi, halafu paka losheni yako ya kawaida. Ngozi ikichoma au kumenyuka, pumzika wiki nzima na urudi kwa usiku mmoja. Hilo si la kupuuzwa: kwenye ngozi nyeusi kila mwasho huacha doa linaloweza kukaa miezi. Ukivaa nguo fupi mchana, paka mafuta ya kukinga jua. Na usiuache mrija dirishani au kwenye nyumba ya mabati inayopata jua mchana kutwa. Joto na mwanga huiua retinoli.

Sasa hesabu ambayo hakuna muuzaji atakufanyia. Krimu iliyokamuliwa kutoka ncha ya kidole cha shahada hadi kiungo chake cha kwanza ni karibu nusu gramu, na inatosha eneo la viganja viwili. Nyuma ya mapaja yote mawili na makalio ni viganja kumi hadi kumi na viwili, yaani gramu 2.5 hadi 3 kila unapopaka. Mrija wa gramu 30 utaisha kwa mara kumi hivi. Kwa usiku 15 za mwezi unahitaji mrija mmoja na nusu. Kwa miezi sita ni mirija tisa. Kama bajeti haifiki huko, usinunue mmoja ukaupaka kwa kunyunyiza. Nunua mayai.

Krimu za kafeini hufanya kazi tofauti. Huvuta maji kutoka kwenye tishu na ngozi huonekana imekazika kwa saa kadhaa. Zinafaa siku ya harusi, hazifai kuwa mpango wa mwaka. Zenye aminofilini, mwenye pumu azikwepe. Masalio ya kahawa ya jikoni husugua ngozi tu na kuifanya laini. Ukisugua kwa nguvu utabaki na mikwaruzo na madoa.

Kukanda

Kukanda husogeza majimaji na kuivimbisha ngozi kidogo, hivyo matokeo ni ya saa au siku chache. Ukipenda, fanya dakika kumi kila paja, mara tatu kwa wiki, kwa mafuta ya nazi au ya parachichi. Anzia juu ya goti, elekea kinena, kwa shinikizo lisilouma. Usipite juu ya mishipa iliyovimba. Vikombe vya kunyonya ngozi tunavichukulia kwa tahadhari kubwa: vikiachwa mahali pamoja huweza kupasua vishipa vidogo na kuacha alama. Ukivitumia, visukume bila kusimama.

Mashine na sindano

Spa na kliniki za Kisumu na Nakuru zinatangaza mengi kwa jina la "kuondoa selulaiti". Mashine ya mawimbi ya redio hupasha ngozi joto ili kolajeni ikazike. Juu ya ngozi joto hulengwa karibu nyuzi 40 hadi 42, na mhudumu asiyepima joto kila mara anaweza kukuunguza. Mwenye kifaa cha kusukuma moyo asiikaribie. Mawimbi ya mshtuko hutolewa kwa vipindi kadhaa, mara nyingi sita hadi vinane. Zote mbili huweza kupunguza vishimo kiasi, na matokeo hufifia usiporudia. Mashine ya kugandisha mafuta hupunguza mafuta, haigusi nyuzi, kwa hiyo usiilipie kwa ajili ya vishimo. Kunyonya mafuta kwa upasuaji kunaweza hata kuongeza mabonde.

Kuhusu sindano, kuna funzo la karibuni. Julai 2020 Marekani iliidhinisha Qwo, sindano ya kimeng'enya kinachoyeyusha kolajeni ya zile nyuzi. Desemba 2022 kampuni ya Endo ikatangaza kuiondoa sokoni. Michubuko na madoa yaliyokawia kutoka ndiyo yaliyoiponza. Kwa hiyo anayekuuzia leo "sindano ya kuyeyusha" bila kukutajia jina la dawa, usimpe paja lako.

Kabla ya kulipa, uliza haya: Nani ataishika mashine, na je, daktari anayesimamia amesajiliwa na KMPDC, baraza la madaktari la Kenya? Nionyeshe picha za wateja wenye ngozi kama yangu, za kabla na za miezi mitatu baadaye. Ni vipindi vingapi na jumla ni shilingi ngapi? Ikiungua, gharama ni ya nani? Mwenye tabia ya kuota makovu manene aseme mapema. Ukijibiwa kwa punguzo la bei la leo tu, ondoka.

Wakati unasubiri

Mafuta yanayong'aa sana huchora kila bonde mwanga unapotoka kando. Losheni isiyong'aa hupendeza zaidi mapajani. Ukinunua taiti za mtumba soko la Kibuye, Kisumu, vuta kitambaa juu ya mkono na ukielekeze juani. Ukiona vidole vyako wazi, watu wataona zaidi ya vidole.

Ratiba ya wiki 24

Wiki ya 1 hadi ya 4 usitarajie kitu kwenye picha. Unachopata ni nguvu. Kati ya wiki ya 8 na ya 12, picha ya misuli iliyolegezwa ndiyo huanza kutofautiana. Isipotofautiana, kagua kwanza uzito wa mtungi unaobeba, kisha protini, kabla ya kulaumu krimu. Wiki ya 24 ndiyo ya kuamua. Kama vishimo vimepungua kwa kiasi kinachokuridhisha, shuka hadi siku mbili za mazoezi kwa wiki kwa uzito uleule uliofikia, maana misuli ikiachwa kabisa itarudi nyuma na vishimo vitarudi nayo. Kama yamebaki mashimo mawili matatu yenye kina na bado yanakukera, hapo ndipo pa kumwona daktari wa ngozi kuhusu kukata uzi kwa sindano maalumu chini ya ganzi ya sehemu. Nenda na picha zako zote za mara saba, zile za siku ya kwanza pamoja na za kila wiki ya nne. Zitampa picha kamili kuliko maelezo ya mdomo.